Koti la Bwana Mikidadi

Kwa joto la Oktoba la Ruangwa, mtu mwenye akili zake huvaa shati jepesi na kutafuta kivuli. Lakini ofisini kuna waraka. Umebandikwa ukutani karibu na mlango, na unasema mkuu wa kitengo atavaa koti na tai saa zote za kazi. Aliyeuandika ama hajawahi kukanyaga Ruangwa, ama alipita na gari lenye kiyoyozi, vioo juu. Bwana Mikidadi, mkuu wa kitengo, aliutii waraka huo kwa namna yake. Koti lilikuwa ofisini saa zote za kazi. Yeye ndiye hakuwepo, na kwa siku mbili za kila wiki ya msimu wa korosho hakuna aliyejua hivyo kwa hakika isipokuwa mhudumu wake, Biasha.

Biasha ndiye aliyelipeleka koti kazini. Saa moja kasorobo alifungua mlango, akafuta meza, akalitoa koti la kijivu kabatini na kuuvalisha mgongo wa kiti. Akafungua faili katikati, juu yake akaweka miwani ya zamani ya bosi. Mwisho akawasha feni. Feni ndiyo iliyokuwa inamaliza ubishi, maana nani anawasha feni kwenye chumba kisicho na mtu? Mlango aliuacha wazi kidogo ili watu wa kwenye benchi la korido waone bega la koti na karatasi zinavyopepea. Wao huko korido walikuwa wanaiva. Hewa ilikuwa ya koti.

Akiulizwa, maneno alikuwa nayo tayari: "Yupo. Si unaona koti lake? Katoka kidogo kupunga hewa, joto lenyewe unaliona." Watu walikubali, kwa kuwa joto lilikuwepo kweli.

Siku ya kwanza alipofundishwa kazi hii alicheka, akidhani ni utani. Bwana Mikidadi hakucheka. "Ukisema mimi sipo, Biasha," alimwambia taratibu, "ujue na wewe hupo." Ajira yake ilikuwa ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na anayependekeza jina ni mkuu wa kitengo. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Biasha alikuwa ameshazoea, na hilo ndilo lililomkera zaidi akilala peke yake, kwamba siku hizi aliona fahari kidogo jinsi anavyolipanga lile bega.

Bosi mwenyewe alikuwa na shamba la mikorosho Mkotokuyana, upande wa Nachingwea, kata ile ile alikozaliwa Biasha. Kila Jumanne na Alhamisi alikuwa huko tangu alfajiri, kavaa fulana na kandambili, anasimamia waokotaji. Simu ya mtu aliyeko kule haipatikani mpaka apande barabarani.

Ikawa Jumanne moja, saa mbili asubuhi, wakaingia mzee mmoja na binti yake. Mzee alijitambulisha kwa jina la Teofili, mkulima wa Mbwemkuru. Binti aliitwa Scholastika. Walikuwa wametoka kwao kwa bodaboda gizani. Mzee Teofili alivaa suti nyeusi nzito, suti aliyofungia ndoa, vifungo vyote vitatu vimefungwa, na tai iliyombana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Binti alivaa gauni la kanisani la mikono mirefu. Kwenye kata walishaambiwa kwamba wilayani hakuendwi ovyo ovyo.

"Mwanangu kapata chuo cha uuguzi," mzee alisema, akitoa fomu kwenye mfuko wa nailoni na kuishika kwa mikono miwili. "Jina limetoka Ijumaa. Jana tumeshinda kwa mtendaji wa kata. Imebaki sahihi ya mkuu na muhuri, basi. Kijana wa steshenari hapo nje anaituma kwa kompyuta, ila mwisho ni leo saa kumi. Ikipita saa kumi nafasi anapewa mwingine."

Biasha aliisoma fomu. Muhuri ulikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo anao yeye. Sahihi ilikuwa Mkotokuyana. Akapiga hesabu bila hata kutaka: bodaboda saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Wangekuwa steshenari kabla ya adhuhuri na muda ungebaki. Alichotakiwa kusema ni sentensi moja tu. Lakini majina ya mikataba yalikuwa yanapelekwa Ijumaa ya wiki ile ile.

"Yupo," akasema. "Koti lake lile pale. Kaeni kwenye benchi, baba."

Wakakaa. Kufika saa nne bati la korido lilikuwa linalia kwa joto. Jasho lilimtoka mzee kwenye nywele, likashuka kwenye tai, naye akakaa vile vile, wima, mikono juu ya magoti. Biasha mwenyewe, ndani ya sare yake ya nailoni iliyomganda mgongoni, alishindwa kuvumilia kumtazama. Akawapelekea maji ya kunywa.

"Vua koti, baba. Utaanguka."

"Hapana, mwanangu. Mkuu atoke anikute nimekaa kihuni? Yeye kalivua kwa kuwa hapa ni kwake."

Scholastika alikuwa amekaa upande unaoona ndani, na macho yake hayakubanduka kwenye ule mlango. Saa tano akauliza, kwa adabu kabisa, "Dada, mkuu anapita wapi? Mimi nipo hapa toka asubuhi, sijamwona akiingia wala akitoka."

"Kuna mlango wa nyuma," Biasha alisema.

Hakukuwa na mlango wa nyuma. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo. Binti akaitikia kwa kichwa.

Ilipokaribia saa sita Biasha alijifungia chooni akampigia bosi. Haipatikani. Akapiga tena mara tatu. Akanawa uso, akajitazama kwenye kioo, na hapo akakata shauri: anatoka, anawaambia ukweli, anagonga muhuri, anawatafutia bodaboda ya mtu anayemjua. Muda ulikuwa bado unatosha. Alitoka chooni na maneno yapo mdomoni.

Pale koridoni akakutana na Bi Beatrisi, afisa utumishi, kashika jalada la mikataba.

"Mikidadi yupo?" Bi Beatrisi aliuliza.

Mzee Teofili aliinuka kwa heshima. Scholastika akageuza shingo. Wote watatu wakawa wanamtazama Biasha, na Biasha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Yupo, madamu. Katoka kidogo kupunga hewa."

Bi Beatrisi alichungulia ndani, akalitazama koti, akamtazama Biasha, akatabasamu kidogo. Alijua. Huenda jengo zima lilijua. "Basi mwambie majina nayataka Ijumaa," akasema, akaenda zake. Na Biasha angewageukiaje tena wale wawili, sekunde ile ile, awaambie kwamba hayupo? Alirudi kwenye kiti chake, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Ikapita saa saba. Ikapita nane. Baada ya hapo hata angesema, isingesaidia kitu, na nikikwambia aliona nafuu kidogo, sitakuwa namsingizia.

Saa kumi na dakika tano kijana wa steshenari alipiga simu. Mzee alisikiliza, akasema "haya, haya," akaikunja fomu na kuirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni. Koti la suti yake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Scholastika aliangalia sakafu. Hakulia, na Biasha aliomba moyoni alie, au mzee afoke, au mtu yeyote apige kelele ndani ya lile jengo.

"Basi, mwanangu," Mzee Teofili alisema. "Wakubwa wana mambo mengi. Wewe umetuhangaikia toka asubuhi, hata maji umetupa. Mungu akuongeze."

Alimpa mkono. Mkono ulikuwa wa moto na umelowa, na Biasha aliupokea kwa mikono miwili.

Ijumaa jina lake lilikwenda, na mkataba ukarudi umesainiwa. "Wewe ndiye mtu wa kazi," Bwana Mikidadi alimwambia.

Wiki ya tatu ya Novemba, siku ya Alhamisi, ilitokea haraka ya kweli. Karatasi za safari ya Bwana Mikidadi kwenda Dodoma zilitakiwa makao makuu kabla ya saa tisa, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine. Safari hii hakuna aliyeambiwa akae kwenye benchi. Bosi alikuwa ameshaacha maagizo usiku uliopita: Biasha akazichukua karatasi, akautia muhuri kwenye pochi, akapanda bodaboda. Alimkuta Bwana Mikidadi chini ya mikorosho, kandambili miguuni, mabibo yananuka kila upande. Alisaini juu ya tangi la pikipiki, na haikuchukua hata nusu dakika.

Biasha alikuwa anarudi kwenye pikipiki aliposikia, "Shikamoo, dada."

Alikuwa Scholastika, kanga kiunoni, ndoo ya korosho mkononi, vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda.

"Marahaba. Uko huku?"

"Niko kwa mama mdogo, hapo ng'ambo. Baba kasema nisikae bure nyumbani." Aliweka ndoo chini. "Mwakani zamu ya mdogo wangu. Baba hawezi kutusomesha wawili."

Biasha akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi.

"Wenzangu wanasema mwenye shamba hakosi, Jumanne na Alhamisi, toka msimu uanze," Scholastika alisema. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayehakikisha idadi ya ndoo zake. "Dada, kutoka Ruangwa mpaka hapa umetumia muda gani?"

Biasha angeweza kudanganya. Miaka minne ilikuwa imemfundisha vizuri. Lakini dereva wa bodaboda alikuwa amesimama pale pale, naye akajibu kwa ajili yake, "Saa moja na dakika ishirini, na tulisimama kuweka mafuta."

Scholastika aliitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia siku ile kwenye benchi.

"Sisi tulikaa pale masaa manane," akasema.

"Scholastika, mdogo wangu, nisikilize…"

"Baba anakuombea mpaka leo. Kila akisali anakutaja, yule dada wa ofisini, anasema ungekuwa wewe ndiye mkuu tungepata." Aliinama akaishika ndoo. "Sitamwambia."

Msimamizi alikuwa anamwita kutoka upande wa pili. Scholastika akajitwisha ndoo yake, akaenda.