Kabati Lisiloingia Mtumbwini

Kitu cha kwanza alichokiona Odete kilikuwa tundu. Tundu dogo la msumari, ukutani, juu ya kitanda cha dada yake. Kwa miaka yote msumari ule ulikuwa umebeba kioo, na Albertina alikuwa akisimama mbele yake kila asubuhi kufunga kilemba kabla hajatoka kwenda kukaanga mihogo. Sasa kioo hakipo, msumari haupo, na udongo wa pembeni umemeguka kama kidonda kilichobanduliwa gamba.

Odete akaweka kidole pale. Hakuuliza. Mtu anayehamisha kioo humo humo ndani huuacha msumari. Anayeng'oa mpaka msumari, huyo anaondoka.

Habari yenyewe aliipata jioni, wakichambua mboga.

"Mateus amesema mama yake hawezi tena kukaa peke yake," Albertina alisema bila kuinua macho. "Na mashamba ya mpunga yako kule kule. Tukishafunga ndoa, tutavuka mto."

Odete aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua, mpaka akajikuta ameweka mabua kwenye sufuria na majani kwenye takataka.

Hakulitegemea hilo. Bibi yao, Mmakua aliyetoka ng'ambo ya mto Ruvuma, alikuwa akisema kwao mwanamume ndiye anayebeba mkeka wake kumfuata mke. Kwa hiyo tangu Mateus aanze kuja kwao Mtawanya na vifurushi vyake vya samaki wakavu, Odete alishamtengea sehemu moyoni: atakaa chumba cha uani, baiskeli yake itaegeshwa kibarazani, na dada atabaki dada. Albertina ndiye aliyemlea. Mama yao alipougua, Odete aliacha shule darasa la tano ili abaki naye mchana, Albertina akawa anatafuta riziki. Mama alipofariki, Odete aliona haya kurudi kukaa dawati moja na watoto wanaomfika kiunoni. Nyumba ikawa ya wawili. Na sasa Albertina, mwenye miaka thelathini na minne, ambaye majirani walishaacha kumuuliza ataolewa lini, alikuwa akiimba peke yake akifua. Nani angekuwa na uso wa kumwambia asiende?

Miezi minane Odete alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya Fundi Zuberi. Alipiga msasa, alipaka vanishi, alifagia maranda. Maneno hakuwa nayo. Fundi alimwita bubu wangu, kwa mapenzi.

Wiki iliyofuata Albertina alitokea pale, nyuma yake mkokoteni umebeba mbao za kitanda cha marehemu mama yao.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, bibi harusi. Umekuja kuniibia bubu wangu?"

"Nimekuja kumpa kazi. Nataka kabati la vyombo, na liwe la mkono wake, si wako."

"Wangu umefanya nini?"

"Wako uko kwenye kila nyumba hapa Mtawanya. Mimi nataka mkono ambao hakuna mwingine anao."

Fundi akacheka mpaka akavua kofia. "Huyu hajawahi kuunga kona hata moja!"

"Basi aanze na zangu," Albertina alisema, akampiga mdogo wake begani, akaenda zake.

Kesho yake Fundi Zuberi alipanga vipande vitatu vya kona juu ya meza ya kazi, vya mbao za mabaki.

"Kabati ni kona, binti. Ubao ni nyama tu. Ukiona kabati limekufa, jua limefia konani. Haya, vunja hiki."

Cha kwanza kilikuwa ubao umegotanishwa na mwenzake na kupigiliwa misumari miwili. Odete alikibonyeza kwa woga.

"Vunja! Unakibembeleza kama mtoto mchanga."

Alikikandamiza kwa goti. Kikafunguka, misumari ikabaki imechomoza.

Cha pili kilikuwa cha nusu kwa nusu: kila ubao umechimbwa nusu ya unene wake, ukamlalia mwenzake, katikati gundi. Kilikataa kwa goti, kikalia kidogo kilipopindwa. Cha tatu kilikuwa cha ulimi na tundu: ubao mmoja umechongwa ulimi, mwingine umetobolewa tundu la kuumeza. Hiki hakikulia wala hakikutikisika.

"Anayeanza achukue cha pili," Fundi Zuberi alisema. "Ukikosea, kosa lako liko juu juu, unaliona, unalirekebisha. Cha tatu kinaficha kosa ndani. Unakuja kulijua siku kabati limejaa sahani."

Odete akaweka kidole juu ya cha tatu.

"Umenisikia lakini?"

Akaitikia kwa kichwa. "Na gundi," alisema. "Na vijiti vya kupitisha."

Fundi alimtazama. Maneno sita kwa mpigo, kwa Odete, yalikuwa hotuba. "Ukitia gundi na ukaichoma vijiti vya mti, ile kona haifunguki tena mpaka kwa msumeno. Upana?"

"Futi nne."

"Kubwa hilo. Linakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema Odete.

Hakudanganya, na hakusema kweli. Kwa akina Mateus kulikuwa ng'ambo, mkabala na kivuko cha Kitaya, na gari haifiki. Watu na mizigo yao huvuka kwa mtumbwi. Odete aliupanda mara moja, walipokwenda kumzika bibi kwao. Alikumbuka magoti yake yalivyogusa mbao huku na huku, na mama mmoja aliyekatazwa kupakia meza kwa sababu ingemwaga watu. Mtumbwi ule ni gogo moja lililochimbwa. Fremu ya futi nne, iliyogandishwa kona zote, haiwezi kulala ndani yake wala kusimama juu yake. Na mwanamke gani anayekwenda kwa mumewe akaacha kabati la vyombo? Harusi ingesubiri. Mateus angefikiri upya. Msimu ungepita, wangezoea, na mkeka angeubeba Mateus.

Hivyo ndivyo alivyofikiri Odete, na mikono yake ikapata kazi.

Alizikata pau za kitanda, zile mbao ndefu za ubavuni, kufikia futi nne, vichwa vya mwisho vikaangukia kwenye lundo la mabaki. Ulimi wa kwanza aliuchonga mwembamba, ukawa unacheza tunduni kama jino bovu. Wa pili ulikuwa mnene, akaulazimisha kwa nyundo, mguu ukapasuka.

"Usiupige," Fundi Zuberi alisema. "Ulimi mzuri unaingia kwa kusukumwa na mkono, unatoka kwa kuombwa."

Siku ya sita aliupata mmoja. Aliusukuma kwa kiganja, ukaingia polepole na kutoa sauti ndogo kama mtu anayemeza mate. Odete akatabasamu, halafu akajishika akitabasamu, akaona aibu, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

Wiki ya pili fremu ya mbele ilikuwa imeshatiwa gundi na vijiti, kona zote nne. Aliiegemeza ukutani. Mchana Albertina akaja na chakula kwenye hotipoti, na alipoiona fremu akaliweka hotipoti chini kwenye vumbi.

"Hii umeunganisha wewe?"

Alipitisha mkono kona ya kwanza, ya pili, akachuchumaa kuzishika zile za chini. Alikuwa hatafuti kosa. Alikuwa anashika tu. Kisha akasimama, akanyoosha mikono miwili kuipima fremu, na mikono ikabaki imenyooka hewani.

"Odete. Hili litaingiaje mtumbwini?"

Odete alitazama miguu yake. Sasa, alijiambia. Sasa atakaa chini, atasema basi tungoje.

Albertina akacheka. Si kicheko cha hasira, ni kile cha mtu aliyekwisha kulia sehemu nyingine. "Kosa langu, sikukwambia vipimo. Basi libaki kwako. Nitavipanga vyombo vyangu kwenye mkeka, kwani nitakuwa wa kwanza? Wewe liweke pale kilipokuwa kitanda changu." Akaokota hotipoti na kulipangusa vumbi. "Ukilitazama utakuwa unanikumbuka. Haya, kula, wali unapoa."

Alipoondoka, Odete hakula. Aliitazama fremu. Kupitia katikati yake alikiona chumba chao: kabati limesimama chini ya lile tundu la msumari, na humo ndani sahani moja, kikombe kimoja. Alikuwa ametengeneza kitu cha kumzuia dada yake, na kilichozuiwa ni kabati. Dada angekwenda vile vile, tena mikono mitupu.

"Bubu, tupikie chai," Fundi Zuberi aliita.

Odete akaenda kwenye lundo la mabaki kutafuta kuni. Akaokota kichwa kimoja cha pau ya kitanda, akataka kukisukuma jikoni, akasita. Mwisho wake ulikuwa ulimi mrefu, mrefu kuliko haja, na karibu na ncha ulikuwa umetobolewa kitundu cha mraba, kingo zake zimelainika kwa kuguswa miaka mingi. Alikuwa amelalia kitanda hiki utotoni, amekikata kwa mkono wake, na hakuwahi kukiona kitundu kile.

"Fundi," alisema. "Hiki ni cha nini?"

Fundi Zuberi aliinua kichwa, maana lilikuwa swali lake la kwanza tangu aje. Akakipokea kile kipande, akakigeuza.

"Cha kabari. Ulimi unapita mguu wote, unatokeza upande wa pili, unachomeka kabari pale, unagonga. Kitanda kinakaza kuliko gundi. Ukitaka kuhama, unaigonga kabari kwa chini, kinafunguka, unafunga mbao kama mzigo wa kuni." Alimrudishia. "Hiki kilivuka mto, mwanangu. Wazazi wako walikuja nacho."

Odete alishika kile kipande mpaka maji ya chai yakachemka na kumwagikia moto. Kisha akauchukua msumeno.

"We! Unafanya nini?"

Alikuwa ameshaanza kuikata fremu yake, pau ya juu, pembeni kabisa mwa kona.

"Linavuka," alisema.

"Uliniambia linakwenda nyumbani."

"Kwake," alisema Odete. "Nyumbani kwake."

Fundi Zuberi aliitazama ile kona nzuri inavyokatwa, kona ambayo hata yeye asingeionea haya, akatikisa kichwa, akaja kuishika pau upande wa pili isije ikapasuka.

Vipande vya ulimi vilivyoganda tunduni alivitoa kwa patasi, kimoja kimoja, kwa siku mbili. Gundi ilikuwa imeshika sawasawa. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri, na sasa uzuri ule ule ulimuumiza vidole. Futi nne ikawa futi tatu. Mbavu mbili za kabati, zile nyembamba, aliziunga kwa gundi. Pau nne ndefu alizichonga ulimi mrefu kila mwisho, akapima kwa kile kipande cha kitanda, akatoboa. Kabari nane alizichonga kwa mti wa mpingo, na kila moja akaichora mistari kwa ncha ya patasi, mmoja mpaka minane, na mistari ile ile akaichora kwenye tundu lake.

Siku ya kuvuka, ndoa ikiwa imeshafungwa, pale Kitaya kabati lilikuwa mzigo wa mbao uliofungwa kamba mbili. Mateus alilibeba begani peke yake na kulilaza mtumbwini, nafasi ikabaki ya watu.

"Shemeji, hili kabati au kuni?" alitania. "Nikifika mama atalipikia!"

"Atakayelitia moto atakula mbichi maisha yake yote," Albertina alimjibu, na wanawake waliowasindikiza wakapiga vigelegele.

Odete alifungua pindo la kanga yake, akazimimina kabari viganjani mwa dada yake.

"Hesabu mistari," alisema kwa sauti ya chini. "Kila moja na tundu lake. Usigonge kwa nyundo, mchi unatosha. Ukigonga kwa juu inakaza."

"Na kwa chini?"

"Kwa chini inafunguka. Ukitaka kurudi."

Albertina alizifunga kabari kwenye pindo lake mwenyewe, mafundo mawili. Akaingia mtumbwini, akakaa, magoti yakagusa mbao huku na huku. Mateus akaushika upondo. Ukingo wa mtumbwi ulikuwa bado mkononi mwa Odete, maji yakimfika kwenye mashavu ya miguu, na kila mtu alingoja auachie.

"Dada," alisema. "Lile la kwanza nililipima makusudi, lisiingie humu. Nilitaka likwame, na wewe ukwame nalo." Akavuta pumzi. "Sitaki uende. Nenda, lakini mimi sitaki."