Mkanda Uliosifiwa na Injinia

Kila aliyenunua gari mtaani alipitia kwanza kwa Injinia. Hakuwa injinia, alikuwa muuza rangi za nyumba aliyependa kufungua boneti za watu. Neno lake kubwa lilihusu mkanda wa taiming, ule unaozipangia valvu zamu ya kupanda na kushuka ili zisigongane na pistoni.

"Mafundi wanawatisha tu," alisema. "Wangu haujaguswa tangu gari litoke kiwandani. Sikilizeni linavyonguruma."

Mwaka jana mkanda huo ulianza kutoa nyuzi pembeni. Alilipeleka gari kwa fundi wa mtaa wa pili, mkanda ukabadilishwa kimya kimya. Watu walipomuuliza tena habari za gari, alirudia maneno yaleyale. Aliona hayamdhuru mtu.

Kisha akaja shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, anayeoka mikate na kuisambaza madukani kwa gari lake.

"Shemeji, fundi ananiambia nibadilishe mkanda. Wewe unaonaje?"

Injinia aliubonyeza kwa kidole gumba. "Huu? Huu utakuzika."

Shemeji alicheka, akaacha kubadilisha.

Sasa walikuwa wamesimama gereji, kwa fundi yuleyule wa mtaa wa pili. Injini ilikuwa imefunguliwa, na valvu zimelazwa juu ya gunia, zimepinda kama misumari iliyopigwa na mlevi.

"Mkanda umekatika ukiwa unapanda mlima, mama," fundi alisema. "Pistoni zikazifuata valvu. Itakuwa kazi ndefu."

Shemeji alishika kiuno. "Ni bahati yangu tu. Wa shemeji hapa ni mzee kuliko huu, na bado unadunda."

Fundi aliinama kutafuta spana, nayo ilikuwa mkononi mwake. Injinia alijua anafichiwa siri. Heshima ile ilimchoma kuliko tusi.

"Au ni mimi," shemeji aliendelea taratibu, akizitazama valvu. "Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nina mguu wa tembo, nakanyaga mafuta kama naua nyoka. Labda nimeliua mwenyewe."

"Shemeji," Injinia alisema.

"Nakusikia."

"Wangu nilibadilisha. Mwaka jana. Hapahapa."

Shemeji alimgeukia fundi. Fundi aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye spana.

"Kabla hujaniambia wangu utanizika?"

"Kabla."

Injinia alitamani shemeji apige kelele, ili naye apate pa kujificha akiomba radhi. Shemeji hakupaza sauti.

"Ulinidanganya ili iweje?"

"Nilikuwa nimeshasema mbele za watu."

"Haya." Shemeji alijifunga khanga upya. "Kesho asubuhi uje uchukue mikate, uipeleke madukani mpaka gari langu litakapopona. Wakikuuliza lina nini, utawajibu mwenyewe. Mimi sitakutungia."

Asubuhi Injinia alisimama kwenye duka la kwanza, kreti la mikate kifuani. Mwenye duka alipiga makofi.

"Lo! Injinia, siku hizi unaoka?"

"Namsaidia shemeji. Gari lake limekata mkanda wa taiming."

"Maskini! Si ungemwambia aubadilishe mapema? Wewe ndiye mjuzi wa mambo hayo."

Wanunuzi wawili waligeuka kumsikiliza. Kreti lilikuwa zito, na hapakuwa na pa kulitua ila kwenye meza iliyokuwa mbele ya mwenye duka.

"Aliniuliza," Injinia alisema. "Nikamkataza. Na wangu nilikuwa nimeshabadilisha, nikaficha."

Mwenye duka alianza kucheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamwangalia usoni, kicheko kikakatika.

"Weka hapa," alisema, akisogeza mizani.

Injinia aliweka, akarudi garini kuchukua kreti la duka linalofuata.