Chesisi Iliyozimwa kwa Maji

Kama lori la Stefano lisingeishiwa maji pale Ikungi siku ile ya Jumatatu, Gaspari angeendelea kulala usingizi wa pono. Kazi aliona imekwisha. Motokaa ilikuwa imesimama uani kwake, pua yake imerudi mbele inakotakiwa kuwa, na watu waliokuwa wakipita kuicheka sasa walikuwa wanapita kuisifu.

Ilikuwa motokaa ya mashindano, ya viti viwili, ya zamani, iliyoundwa Ulaya kabla ya vita. Mwenyewe alikuwa Bwana Mifugo, kijana wa Kiingereza aliyeletwa kuchanja ng'ombe, naye aliiendesha kana kwamba hao ng'ombe walipaswa kumpisha kwa heshima. Dume moja la Mungaa halikupisha. Motokaa ikalivaa, ikatumbukia kwenye mtaro, na ilipotolewa ilikuwa imepinda kama mbwa anayejikuna mgongo. Ililetwa kwa Gaspari ikivutwa na maksai, jambo lililowafurahisha sana wenye maksai.

Gaspari hakuogopa kazi. Baba yake na babu yake walikuwa wafua majembe na mikuki, na yeye mwenyewe alifanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya Mhindi mjini Singida kabla ya kurudi kujitegemea. Alilifungua bodi lote mpaka ikabaki chesisi tupu, ile mifupa ya chini inayobeba gari zima. Nyuma akaifunga kwa minyororo kwenye shina la mgunga, mbele akaisukuma kwa jeki, na pale ilipojikunja akawasha mkaa na kuvuta mivukuto mpaka chuma kikawa chekundu. Akapiga nyundo. Akapima kwa waya kutoka pembe hadi pembe, akapiga tena, mpaka pembe zote zikakubaliana. Kisha mkono wake ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni: ukachukua debe la maji ukalimwaga juu ya chuma chenye moto. Mvuke ulipanda, naye akafurahi, maana sauti ile ilikuwa ya nyumbani kwao.

Sasa Stefano, dereva wa lori lile lililoishiwa maji, ambaye vita vilimpeleka hadi Burma kutengeneza magari ya jeshi, alisimama na ndoo yake ya maji mkononi, akainama chini ya motokaa.

"Hapa ulipoza na nini?"

"Maji."

Stefano aliitua ndoo. "Gaspari, ndugu yangu, hili si jembe. Jembe unalizima kwa maji ili liwe gumu liume ardhi. Chuma cha kubeba gari kikiwa kigumu namna hiyo hakipindi tena, kinakatika. Kirudishe motoni, ukifukie kwenye majivu kipoe chenyewe polepole. Kazi ya siku mbili tu, usiionee uvivu."

"Nitafanya," alisema Gaspari.

Lori lilipoondoka alichukua kipande cha chuma alichokuwa amekikata kwenye chesisi ileile alipoinyoosha, akakipasha, akakizima kwa maji, akakipiga nyundo mara moja. Kilikatika kama muhogo mkavu. Gaspari aliketi chini akivitazama vile vipande viwili.

Alitakiwa kuanza kufungua nati saa ileile. Lakini kila aliyepita alishaambiwa kwamba motokaa imepona, na Bwana Mifugo alikuwa anakuja Alhamisi. Tena alishasema mbele za watu, huku akicheka, kwamba fundi akiiharibu watakutana boma, kwa mkuu wa wilaya. Kicheko cha mzungu Gaspari hakukiamini. Kule Puma fundi mmoja alifungwa kwa kuunguza pikipiki ya karani, sembuse gari la Bwana Mifugo. Basi akachukua brashi, akapaka rangi nyeusi pale palipozimwa. Akajiambia kwamba kijana yule huendesha peke yake, na kwamba vyuma vingi vibovu vinatembea duniani. Aliogopa, na kila alipoogopa alipaka rangi tena.

Alhamisi ilipofika, ndani ya nyumba kulikuwa na jambo kubwa kuliko motokaa. Luciana, mtoto wake wa pekee, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua uzazi wa kwanza, mumewe akiwa mbali kwenye mkonge. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Mkunga, bibi Damari, alitoka nje akifuta mikono, uso umemshuka.

"Mtoto amekingama tumboni," alimwambia Gaspari. "Mikono yangu imefika mwisho. Huyu apelekwe hospitali ya misheni, na apelekwe sasa hivi."

Lori la mwisho lilikuwa limekwenda Dodoma. Na wakati huohuo Bwana Mifugo akatokea barabarani juu ya baiskeli, amekuja kuchukua gari lake. Felista, mke wa Gaspari, hakungoja kushauriana na mtu. Alikimbia akapiga magoti mbele ya baiskeli. Kijana yule, mpeni haki yake, hakuuliza maswali.

"Mleteni," alisema.

Maneno yalimjaa Gaspari mdomoni: gari hili halifai, nimelizima kwa maji. Lakini akisema, Luciana atapanda nini? Asiposema, atapanda hilo. Alimeza mate, na maneno yakashuka nayo.

"Tuchukue na machela," alisema.

"Machela ya nini, Baba Luciana, na gari lipo?" Felista alimshangaa.

"Barabara ni mbovu mpaka korongoni. Tutakwenda polepole, na pale korongoni tutamshusha, tumvushe kwa mikono. Ng'ambo ya pale njia ni nzuri, gari litakimbia."

Hakuna aliyebisha, maana lilisikika kama neno la baba mwenye huruma. Luciana aliwekwa kwenye kiti cha kushoto, amefungwa kanga, midomo imekauka. Bwana Mifugo alishika usukani. Felista, bibi Damari na ndugu wawili wa Gaspari, Isaka na Urbano, walitembea pembeni na machela yao ya ngozi. Gaspari alisimama kwenye ubao wa kukanyagia, ameshika mlango, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu.

Kila jiwe lilimchoma moyoni. Gurudumu likishuka shimoni alifumba macho, likipanda aliyafumbua na kumtazama binti yake kama bado yupo. Chuma kililia mara moja, kilio kidogo chembamba, na yeye peke yake ndiye aliyekisikia.

"Baba," alisema Luciana, "mbona unatetemeka?"

"Njaa, mwanangu."

Luciana alimshika mkono, akambembeleza yeye, mgonjwa akimbembeleza mzima. Gaspari aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na bado hakusema.

Korongo lilikuwa kavu, limejaa mawe, kingo zake zimesimama wima. Walimlaza Luciana kwenye machela wakateremka naye taratibu, wakapanda ng'ambo ya pili. Gaspari, aliyebaki upande wa huku na gari, akamgeukia Bwana Mifugo kwenye usukani.

"Bwana, naomba niivushe mimi."

"Kwa nini?"

"Nimeitengeneza mimi."

Kijana alishuka, akavuka kwa miguu, akasimama karibu na machela.

Gaspari aliingia. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake, si alipokuwa mdogo akisikia simba wa Mgori, si alipokwenda boma kwa mara ya kwanza. Alimwomba Mungu kwa Kinyaturu, akaona hayatoshi, akamwomba kwa Kiswahili. Motokaa ilishuka kingo. Ilifika chini salama. Alianza kupumua. Gurudumu la mbele likapanda jiwe, likashuka, na chini ya miguu yake kukasikika mlio mmoja kama wa mfupa wa paja unaovunjwa kwa shoka. Pua ikaanguka. Kifua chake kikagonga usukani, na mguu wake ukabanwa chini.

Vumbi lilipotulia, Bwana Mifugo alikuwa ameshateremka na kuchungulia uvunguni. Pale chuma kilipokatika palikuwa safi, panang'aa, na pande zote palizungukwa na rangi mpya nyeusi. Aliinuka. Hakutukana, wala hakumtazama Gaspari usoni. Alimsaidia kuuchomoa mguu, akamketisha kwenye mawe, akapanda kingo, akamwondoa Urbano aliyekuwa ameanza kuchoka, akaweka mti wa machela begani mwake mwenyewe. Felista aligeuka mara moja kumtazama mumewe, kisha wakaondoka wote kwa miguu kwenye ile njia nzuri ambayo gari lingekimbia.

Gaspari hakuweza kutembea. Wachunga ng'ombe walimkuta, wakampa maziwa, wakataka kumbeba nyumbani, akakataa. Alisema atangoja hapohapo. Hofu ilimkalia kifuani usiku kucha, na asubuhi ilikuwa bado imekaa.

Jua lilikuwa limepanda alipomwona Bwana Mifugo akija peke yake kwa miguu, shati limechanika begani. Gaspari alijaribu kusoma habari kwenye mwendo wake. Mwendo ule haukusema kitu ila uchovu. Kijana aliketi kwenye jiwe mbele yake.

"Luciana yu hai," alisema.

Gaspari alilia bila kujificha. Alilia mpaka akakumbuka kuuliza.

"Na mtoto?"

"Wa kiume. Njiani bibi Damari alikuwa bado anamsikia akicheza. Tulipofika, daktari alisema tumechelewa."

Basi Gaspari aliinamisha kichwa, akangoja neno boma. Lingekuwa nafuu. Angeinua mikono afungwe, apelekwe mahali ambapo hatatazamwa na mtu wa nyumbani kwake. Lakini Bwana Mifugo hakulitaja.

"Binti yako amenituma," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu, cha mtu anayechagua kila neno. "Nilimwambia kwamba chuma kilikatika palepale ulipokitengeneza. Naye akaniomba nikuulize jambo moja, na nimemwahidi nitamrudishia jibu kama utakavyolisema. Anauliza, baba alijua tangu lini?"

Gaspari aliitazama ile motokaa iliyolala kifudifudi kwenye mawe. Angeweza kusema kwamba alihisi tu njiani, jana. Stefano alikuwa mbali na lori lake, na hakuna mwingine aliyejua. Zile siku mbili za kukipoza chuma kwenye majivu zingetosha kabisa kabla ya Alhamisi.

"Tangu Jumatatu," alisema.

Bwana Mifugo aliinuka, akafuta vumbi kwenye suruali, akapanda kingo na kushika tena njia ya hospitali kulipeleka jibu.