Abiria wa Alhamisi ya Tano

Jumanne saa mbili na robo asubuhi, Kitinda aliisukuma pikipiki hadi ndani ya gereji ya kaka zake, akaisimamisha juu ya mstari mweupe kama ilivyotakiwa. Mstari huo ulichorwa kwa rangi ya mafuta. Ulianzia mlangoni, ukapanda meza ya kazi, ukaikata katikati jiriwa ya kubania vyuma, ukashuka upande wa pili na kuishia ukuta wa nyuma. Kushoto alikuwa Pistoni, kaka mkubwa, mwenye injini na giaboksi. Kulia alikuwa Spoki, wa kati, mwenye magurudumu, breki na kila kinachokaa nyuma. Baba yao aliwaachia gereji moja, wao wakazifanya mbili, na tangu mazishi, miaka mitano sasa, hawakuwa wamesemeshana. Mmoja akiwa na neno alimpa mteja alipeleke hatua tatu ng'ambo. Mteja akikosekana, neno lililala.

Watu husema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, na zizi ndilo lililoteseka.

Pikipiki za kawaida hazikuwapa shida. Injini ilikuwa ya huyu, gurudumu la yule, na cheni ikahesabiwa kuwa mpaka. Lakini hii ilikuwa ya zamani, ya marehemu baba yao, na haikuwa na cheni. Nguvu yake ilisafiri kwa shafti iliyofichwa ndani ya bomba, kutoka giaboksi hadi difu, lile sanduku la gia linalozungusha gurudumu la nyuma. Kichwa cha shafti kilikuwa nchi ya Pistoni na mkia nchi ya Spoki.

Kitinda, dada yao mdogo aliyekuwa msoma mita za maji, alieleza kelele ilivyo. Akiondoka, au akipanda mlima, ilikuwa ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi huku akijua wenyewe wamo ndani. Ilianza miezi miwili iliyopita na ilikuwa ikizidi. Msimamizi wake alikuwa amempa hadi Ijumaa: ama pikipiki inyamaze, ama mitaa yake apewe mwingine, kwa sababu watu walimsikia kutoka mbali wakafunga mageti.

"Mwambie huyo difu yake imekufa," alisema Pistoni, bila hata kuinama.

"Mwambie huyo achungulie giaboksi yake kwanza," alisema Spoki, naye hajaigusa.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hawa walianza kuvuta kabla hawajaiona ngozi yenyewe.

Kazi ilichukua siku mbili na ilifanywa kwa chuki safi, yaani ilifanywa vizuri mno. Pistoni alimwaga oili ya giaboksi akaichuja kwa kitambaa cheupe ili asionekane na kosa. Haikuwa na kitu. Spoki alifungua nati ya difu yenye sumaku, akakuta juu yake vumbi laini la chuma, lile lile la kila siku. Alitoa gurudumu, akatia grisi mpya pale shafti inaposhikana na difu, akazungusha beringi kwa kidole huku ameziba sikio moja. Pistoni aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye giaboksi, mpini sikioni, akasikiliza hadi sikio likapata alama ya mviringo. Kila mmoja alitamani aibu ya mwenzake iwe hadharani, na kila mmoja alikuta kila kitu ni kizima.

Jumatano alasiri waliiwasha ikiwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma likielea. Kimya kabisa. Wakaiteremsha chini, wakazima injini, Kitinda akaisukuma kwa mikono, hakuna aliyepanda. Ko, ko, ko.

Spoki alichukua futi ya chuma akapima kutoka ekseli hadi ukingo wa tandiko. Pikipiki tupu hukaa chini kidogo kwa uzito wake wenyewe, vidole viwili hivi. Hii ilikuwa imekaa chini kiganja kizima. Akaleta mizani ya kupimia mizigo, akaliweka gurudumu la nyuma juu yake. Katika kitabu cha pikipiki, kwa penseli na kwa mwandiko wa baba yao, iliandikwa kwamba gurudumu la nyuma bila mtu ni kilo mia moja na nne. Mizani ilisema mia moja sitini na mbili.

"Hamsini na nane," Spoki aliiambia mizani.

Pistoni aliinua kichwa. Ukutani, juu ya kabati la spana, ilining'inia kadi ya kliniki ya baba yao. Hakuna aliyehitaji kuisoma, ila Kitinda alikwenda akaisoma. Mstari wa mwisho: uzito, kilo 58. Alirudi akaweka kiganja juu ya tandiko la abiria. Lilikuwa na joto, na pikipiki ilikuwa kivulini tangu jana.

Kwa hiyo hakukuwa na kilichovunjika. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, uzito ukazilemea, shafti ikapinda kupita kiasi kwenye jointi yake, na jointi ya umri ule ikipinda hugonga. Baba alikuwa amekaa pale siku zote. Kitinda aliirithi pikipiki baada ya mazishi, na alidhani ni nzito kwa sababu ni ya zamani.

"Alipanda lini?" aliuliza.

Spoki aliirudisha futi mahali pake.

"Mwambie huyo akueleze," alisema Spoki.

"Mwambie huyo aeleze mwenyewe. Miguu aliishika yeye."

Hivyo ndivyo Kitinda alivyopewa habari za kifo cha baba yake, kipande kutoka kushoto na kipande kutoka kulia, akiwa amesimama juu ya mstari.

Mzee alikuwa na kliniki ya figo kila Alhamisi. Wakati huo Kitinda alikuwa akifanya kazi mji mwingine, na kaka zake waligawana zamu: Alhamisi ya kwanza na ya tatu ni za Pistoni, ya pili na ya nne ni za Spoki. Mgawo ulikuwa wa haki na ulibandikwa mlangoni. Kisha ukaja mwezi wenye Alhamisi tano. Asubuhi ya ile ya tano mzee alivaa koti, akatia kadi mfukoni, akapanda kiti cha nyuma cha pikipiki yake mwenyewe na kungoja mtu wa kumpeleka. Pistoni alisema zake amemaliza. Spoki alisema zake amemaliza. Mzee alisema haidhuru, atangoja wakubaliane, kwa kuwa ni wanawe na watakubaliana.

Wakafanya kazi wakimzunguka. Saa nne Spoki aliomba spana namba kumi na tatu, Pistoni akampitishia juu ya magoti ya baba yao. Saa saba mchana mzee alikuwa bado amekaa wima, ila alikuwa amekufa. Pistoni alishika mabega, Spoki akashika miguu, wakampeleka kitandani, wakamfunika, wakampigia Kitinda simu kwamba baba amelala hakuamka. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho waliyoifanya pamoja. Waliifanya vizuri, shuka haikuwa na mkunjo hata mmoja. Jioni ile ile walichora mstari.

Kitinda aliwachukia. Aliwachukia kwa zamu, huyu kisha yule, na alipomaliza alianza upya.

"Mlimwacha," alisema.

"Mwambie na huyo," alisema kila mmoja.

Kesho yake, Alhamisi, saa moja asubuhi, Kitinda alimpeleka baba yeye mwenyewe. Mzee alikuwa abiria mzuri, kwenye kona aliinama pamoja naye kama mtu anayezijua pikipiki. Jointi iligonga njia nzima. Hospitalini karani wa mapokezi alitoka na fomu, akazitazama springi zilivyolala, akauliza mgonjwa kaletwa na nani.

"Na mimi. Mwanawe."

"Alikuwa akikungoja wewe?"

"Hapana. Kaka zangu."

"Basi hashuki, dada. Wa namna hii tunawapata. Hushushwa na yule waliyemngojea." Kisha akamwomba asogeze pikipiki, maana pale ni njia ya machela.

Hata hivyo Kitinda alinyoosha mkono kuelekea kiti cha nyuma, akaunyoosha dakika kumi. Springi hazikuinuka.

Alirudi gereji saa tano akasimama juu ya mstari. Aliwaambia mmoja wao ampeleke baba, yeyote, sasa hivi. Mwendo wenyewe ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na mafuta yamo. Alisema hivyo bila kupaza sauti.

Pistoni alifuta mikono, akaenda kwenye kalenda ya muuza matairi, akahesabu kwa kidole chenye grisi. Ilikuwa Alhamisi ya tano.

"Mdogo wangu," alisema, "ningekuwa na zamu ningempeleka."

Spoki alimwomba Kitinda amwambie huyo kwamba hata yeye angempeleka.

"Na Alhamisi ijayo? Ya kwanza. Si yako, kaka?"

Pistoni alifikiri, na alifikiri kwa uaminifu, uso ulionyesha. Akasema Alhamisi ya kwanza ina mgonjwa wa Alhamisi ya kwanza. Huyu ni wa ile ya tano. Spoki akatikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano, alikubali neno lililotoka upande wa pili.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapa kila mmoja aliuita wa mwenziwe, ndiyo maana wote wawili waliuona mwepesi.

Kisha wakafanya waliloliweza. Spoki alitoa springi mbili nene kutoka kwenye pikipiki kuukuu ya kubebea mizigo. Bila kuombwa, Pistoni alivusha mkono juu ya mstari akashika mkia wa pikipiki usiyumbe. Nusu saa baadaye tandiko lilikuwa limeinuka kiganja kizima, shafti imenyooka, na Kitinda aliposukuma hakukusikika kitu. Walisikiliza wote wawili, vichwa vimeinama upande mmoja, vile vile alivyozoea kuinamisha chake baba yao. Walikuwa wameridhika.

Pistoni aliandika kwenye kadi ya kazi: Tatizo, kelele. Chanzo, springi kuchoka. Imekwisha. Akatia saini, akaisukuma kadi hadi ng'ambo, Spoki naye akatia yake. Haikuwahi kuwako karatasi yenye saini zao mbili tangu ile ya kibali cha mazishi.

"Na baba mmemwandika wapi?" Kitinda aliuliza.

"Kadi ina nafasi ya chanzo kimoja," alisema Pistoni.

Alirudi kwenye kalenda, akafunua kurasa hadi akaupata mwezi mwingine wenye Alhamisi tano, akaizungushia ile ya mwisho kwa kalamu nyekundu, ili siku hiyo gereji isifunguliwe. Spoki alikuwa akimtazama. Alikwenda mlangoni akaanza kutafuta kufuli lililo imara zaidi.

Kitinda aliwasha pikipiki. Ilitulia kuliko alivyowahi kuisikia. Ndipo alipoona kwamba katika kubadili springi walikuwa wamevikunja vikanyagio vya abiria. Akashuka, akazunguka, akakikunjua kimoja upande wa Pistoni na kingine upande wa Spoki, akangoja kidogo miguu ikae, akaondoka.

Nyumba ya kwanza hakuna aliyemsikia akifika, na geti lilikuwa wazi. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa akianika nguo, aligeuka akaitazama pikipiki, kisha akatazama kiti cha nyuma.

"Shikamoo mzee," alisema. Akangoja, akaitikiwa kwa namna alivyoitikiwa, akamfunulia Kitinda kifuniko cha mita. Akauliza wanaelekea wapi na mzee jua lote hili.

"Hospitali," alisema Kitinda. "Tunangoja zamu."

Akainama, akafuta vumbi kwenye kioo cha mita, akaandika namba.