Salamu Zinakula Majani ya Hifadhi

Niliota usiku wa kuamkia leo, na kabla hujaniuliza nilikula nini, nilikula uji. Haikuwa ndoto ya shibe.

Nipo kwenye geti la hifadhi ya Kilima Vughendo, kule Upare, ambako watu hupanda kutazama nyika na, siku mawingu yakiwa na adabu, Kilimanjaro. Mlinzi wa geti ni pimbi. Amevaa sare, kofia imemzidi kichwa, na tiketi yangu anaigonga mhuri kwa mguu.

"Umri, bibi?"

"Sitini na mbili."

"Basi utaamkiwa sana. Soma kibao."

Kibao kimeandikwa: MGENI HAPITI BILA KUITIKIA SALAMU. Nikacheka. Mimi tena, nifundishwe kuitikia? Mimi ambaye mtoto akinipita kimya namrudisha mpaka kona ya barabara? Nikakanyaga ngazi ya kwanza.

"Shikamoo," ikasema ngazi.

Nikataka kupanda ya pili. Mguu haunyanyuki.

"Marahaba," nikasema, na mguu ukanyanyuka.

Ngazi ziko mia tatu. Kufika ya arobaini hamu ya kuamkiwa ilikuwa imeniisha.

Katikati ya mlima kuna mzinga wa Wajerumani, umekaa pale na kutu yake tangu vita vya kwanza.

"Shikamoo, mama," ukasema mzinga.

"Wewe! Umenipita zaidi ya miaka arobaini. Mimi ndiye wa kukuamkia."

"Ni kweli," ukasema, "lakini sijaolewa."

Nikaona ina maana, nikaitikia.

Mara ngazi zinageuka mabenchi ya kanisani kwetu. Kwenye benchi la mwisho amekaa mdogo wangu Nakiete, niliyempita miaka tisa, na shingoni ana uvimbe wa ukubwa wa parachichi.

"Shikamoo, dada."

Nikatazama dari.

Sasa hapa nisikufiche, hata nikiwa macho ndivyo ninavyofanya. Mama yetu alipofariki, Nakiete aligawa kanga zote za marehemu kwa majirani kabla sijarudi kutoka safari ya Tanga. Hata moja sikuwekewa. Tangu hapo, mwaka na miezi minne, kila Jumapili ananiamkia mlangoni mwa kanisa, nami natazama dari. Na leo, siyo kwenye ndoto, leo saa nne asubuhi, anapasuliwa ule uvimbe. Daktari ameshamwambia sauti inaweza isirudi. Nililijua hilo, na bado nilipanda kitandani na kiburi changu.

Dari likafunguka na nikawa kileleni.

Kuna mawe mawili pale, yale ya hadithi, ambayo wenyeji wanayaita Mkubwa na Mdogo Wake. Pimbi amefika kabla yangu na anaeleza kwa sauti ya kutembeza watalii.

"Mdogo alimwamkia mkubwa. Mkubwa hakuitikia. Mdogo akasubiri aitikiwe. Mkubwa akasubiri mdogo achoke. Hakuna aliyechoka. Upande wa kulia mtaona choo."

"Mbona jiwe la mkubwa limevaa kilemba changu?" nikauliza.

"Miguu yako iko wapi, bibi?"

Nikatazama chini. Mpaka magotini nilikuwa jiwe, tena jiwe la zamani, limeota kuvu.

Nyuma ya jiwe la mdogo zimekaa salamu. Usiniulize salamu ikoje. Zipo, zimejikunyata kama kuku walionyeshewa.

"Hizi ni zako," akasema pimbi. "Mwaka wa pili huu zinakula majani ya hifadhi. Tunafunga saa kumi na mbili jioni. Isiyoitikiwa mpaka hapo inabaki, na wewe unabaki nayo."

Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kuzama. Lakini mimi nikaona kwanza nijitetee.

"Na kanga za mama, je?"

Salamu moja, ile ya Jumapili ya Pasaka, ikainua kichwa. "Habari hiyo tunayo, dada, tumeibeba mgongoni. Mama mwenyewe aliagiza wapewe wanawake waliomuuguza. Yako aliichagua akaiweka kando, iko kwenye sanduku la Nakiete."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Mtu anaanza habari kabla salamu haijaitikiwa? Kwenu wapi huko?"

Jamani, iliniuma. Iliniuma kwelikweli. Mwaka mzima mdogo wangu amesimama pale mlangoni na maneno mdomoni, ameshindwa kuyatoa kwa sababu mama alimlea vizuri. Nami mama huyo huyo alinilea.

"Marahaba," nikasema.

"Hatukusikia," zikasema zote.

"Marahaba!"

"Moja moja, bibi," akasema pimbi. "Salamu haziitikiwi kwa jumla."

Basi nikaanza. Naitikia moja, inasimama, inajikung'uta, inateremka mlima kwa njia ya ng'ombe. Naitikia nyingine. Jua linazama, koo linawaka, pimbi anatazama saa. Magoti yakalegea, vidole vya miguu vikaanza kuwasha. Ikabaki moja, ile ya siku ya mazishi, na hiyo ilikuwa inalia. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nakiete aliniamkia kando ya kaburi la mama, akanyoosha mikono, na mimi nikampita.

"Marahaba, mdogo wangu!" nikapiga kelele, mpaka milima ya ng'ambo ikaitikia pamoja nami.

Nikaamka. Kumeshapambazuka, jogoo anawika. Nataka kumsimulia mume wangu, nafungua mdomo, hakuna kitu. Koo limekauka, sauti yote imekwenda.

Simu ikaita. Nakiete.

"Shikamoo, dada."

Nikajikakamua. Ukatoka upepo mtupu. Nikajaribu tena, machozi yananitiririka, nimeikaba simu kwa mikono miwili. Nilijua atakachofikiri. Atafikiri natazama dari. Mwanamke anakwenda kupasuliwa shingo, na huenda hii ndiyo salamu yake ya mwisho yenye sauti, na mimi namnyamazia. Nikapiga magoti sakafuni kana kwamba anaweza kuniona.

Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Acha, dada, usijiumize. Nimezisikia zote. Tangu saa tisa unaitikia huko juu, mbwa wa jirani hawajalala."

Nikaketi kitako pale pale sakafuni.

"Ila nawe," akasema, na sasa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, "umefanya nini? Wewe umeshamaliza sauti, mimi naenda kuiacha yangu. Nani ataongea na daktari?"

Nikaanza kutafuta viatu.