Kipande cha Shati la Saulo

Budeba aliingia katika chumba cha mtaalamu wa saikolojia akiwa na jogoo mwekundu kwapani. Jogoo alikuwa ametulia. Aliyehema ni Budeba. Dada yake Kalista, aliyempokea nyumbani kwake Iyunga pamoja na wanawe tangu walipohama Usangu, alikuwa amemwambia kwamba hospitalini yuko mama anayetibu hofu bila sindano wala vidonge, kwa maneno tu. Kwa Budeba, mtu wa namna hiyo alikuwa na jina moja, na kwa mganga mtu haendi mikono mitupu.

Alimweka jogoo sakafuni, akatoa mfukoni kipande cha shati chenye doa kavu la damu.

"Hiki ni cha Saulo. Nilimchania siku ile. Mama, mimi sitaki dawa ya kunywa. Nataka umrudishie alichonifanyia. Ukishindwa wewe, panga nimeshalinoa, na Chunya siyo mbali."

Mwingine angecheka, na Budeba angetoka pale moja kwa moja hadi kwenye machimbo alikojificha adui yake. Paskalina, yule mtaalamu, mwanamke wa Iringa asiyejua haraka, alisogeza kiti.

"Alikufanya nini, baba?"

Budeba alisimulia huku akimtazama jogoo. Ulikuwa ugomvi wa malisho. Saulo, jirani aliyenywesha naye ng'ombe kisima kimoja, alikuja na wenzake kwa pikipiki mchana kweupe, wakamfunga kwenye nguzo ya zizi lake mwenyewe, wakamchapa fimbo mbele ya wanawe, kisha wakaswaga ng'ombe wote. Tangu hapo chuki ilimkaa kooni, na ilikuwa tamu. Ndiyo pekee iliyompa nguvu za kuamka.

"Mimi siyo mganga," Paskalina alisema. "Sina uwezo wa kumrudishia mtu kitu. Lakini niambie, ungependa apatwe na nini?"

Swali hilo Budeba alikuwa amelingoja siku nyingi.

"Asilale. Akisikia pikipiki, moyo umpasuke. Aogope mlango wa nyumba yake. Ale asisikie ladha. Mtoto akimgusa mgongoni aruke, amzabe kofi kabla hajajua ni nani, halafu ashindwe hata kumwangalia usoni..."

Alikatiza ghafla. Jogoo alidonoa sakafu.

"Mtoto huyo anaitwa nani?" aliuliza Paskalina.

"Minza. Alikuwa ananiletea maji ya kunawa tu."

Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kumbe Saulo hakuishia zizini. Alikuwa amemfuata hadi Iyunga, akaingia nyumbani kwa Kalista na kumpiga Minza kwa mkono wa baba yake mwenyewe. Budeba alimchukia maradufu.

Paskalina alimwacha alie mpaka akatulia.

"Hiyo siyo laana, baba, wala siyo uoga. Ni ugonjwa, nao unatibika. Tutaongea leo, tutaongea Alhamisi, na Alhamisi zinazofuata."

"Mimi simsamehe."

"Sijakuomba umsamehe."

Budeba alimkazia macho, akitafuta mtego, asiuone. Muda wao ulipokwisha, alimwokota jogoo wake. Alinyoosha mkono kukichukua kile kipande cha shati, kisha akaurudisha.

"Panga nitampa Kalista," alisema. "Hicho nitunzie wewe."

Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ila usikifue."