Sauti Iliyobaki Wodini

Saa ya kuona watoto ilipokwisha, mlinzi aligonga mlango wa wodi ya watoto njiti, na kina mama wakatolewa nje kama kawaida. Mmoja wao, kijana mwenye binti wa kuenea kiganjani, alitoka bila kuaga. Sauti yake ilikuwa imebaki kwenye kigoda kando ya kisanduku cha joto, ikimbembeleza mtoto.

Mama Meza aliikuta hapo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vichanga kunyonya, kumeza na kupumua bila kupaliwa. Ndiyo maana wauguzi walimpa jina hilo, wala halikuhusu samani. Alinawa mikono, akaisogeza sauti kidogo apate pa kukaa.

"Shikamoo," ilisema sauti.

"Marahaba, mwanangu. Kakataa tena?"

"Ananyonya kidogo, halafu anasahau kuvuta pumzi."

"Basi mwimbie taratibu. Nikikugusa, nyamaza, aheme."

Akamlaza mtoto ubavu, akamtia chuchu ya chupa mdomoni. Sauti iliimba, mtoto akanyonya. Sauti ilinyamaza, mtoto akahema. Wakaenda hivyo mpaka maziwa yakaisha.

Nje ya geti, mama mtu aliketi kwenye benchi, akiitikia salamu kwa kichwa. Waliomwona walisema anaringa.

"Mwanao kamaliza chupa nzima," Mama Meza alimwambia akitoka.

Mama akacheka. Kicheko kilisikika kule wodini, na muuguzi akakiomba kishuke kidogo, wengine wamelala.

Punde kina mama wote wakawa wanaacha sauti zao. Mama Meza akaenda kwa mkuu wa hospitali.

"Mtoto anataka kifua cha mamake, bosi. Joto lake, harufu yake. Sauti peke yake ni kumshika ng'ombe mkia ukitaka maziwa."

"Lakini sauti hazijazi chumba," alisema mkuu, "na watoto wanaongezeka uzito." Akaipunguza saa ya kuona watoto ikawa nusu.

Siku binti aliporuhusiwa, mamake alimpakata kifuani, na sauti ikamrudia kooni wakiwa koridoni. Ilikuwa imekauka kwa kuimba. Akakohoa.

"Asante, mama," alimwambia Mama Meza, na kwa mara ya kwanza walizungumza wakitazamana.

"Mwimbie kila anaponyonya. Amekuzoea."

Mlinzi akawafungulia geti, akalifunga. Kwenye benchi, kina mama waliobaki waliwapungia mikono, kimya.